Kughairi si Kufuta

Kalenda iliyomo ndani ya simu ni chombo chema. Haichoki, nayo hutukumbusha miadi hata tukiwa shambani. Kasoro yake ni moja: haijui kuvunja miadi kwa adabu.

Tuanze na maneno yake. Mtu akitaka kuondoa kikao katika simu iliyowekwa Kiswahili, mara nyingi huulizwa achague "Ghairi" au "Futa". Kwetu kughairi ni kubadili nia. Basi mzee aliyeghairi kikao ataligusa neno hilo, na kikao kitabaki palepale, kwa kuwa simu imeelewa kwamba ameghairi kukiondoa! Kinachoondoa ni "Futa", nacho huondoa kila kitu, kama dasta ubaoni. Zipo programu zinazotunza kilichofutwa katika pipa la taka kwa siku 30, kisha basi.

Lakini miadi iliyovunjika si miadi ambayo haikuwapo. Hapa Sudi, kikao kilichopangwa siku za bamvua huweza kukosa watu, maana maji yakikupwa wavuaji wa pweza wako miambani. Hiyo ni sababu ya haki, nayo yafaa iandikwe. Tena kamati ya shule ikiahirisha kikao mara tatu mfululizo, mzazi anastahili kujua. Daftari la wino litamwonyesha mistari mitatu iliyokatwa, kila mmoja na sababu yake. Simu itamwonyesha nafasi tupu, kana kwamba hakuna aliyeahidi.

Ajabu ni kwamba wataalamu walilijua jambo hili zamani. Kanuni ya iCalendar, iliyotolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009, inaruhusu tukio liwe na mojawapo ya hali tatu: halijawa na hakika, limethibitishwa, au limetanguka. Elimu ipo, kinachokosekana ni kumfikishia mtumiaji wa kawaida.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usifute. Fungua tukio, andika mwanzoni mwa jina lake "Limeahirishwa", zima kengele yake, kisha eleza sababu na jina la aliyeomba. Tarehe mpya iandike kama tukio jipya. Halafu wapigie simu uliowaalika, kwani wengi wao hawaitazami kalenda yako. Ahadi ni deni, na deni halilipwi kwa kuchana daftari.