Mhusika wa Mezani, Mhusika wa Mtandaoni, na Kipimo cha Buhaya

Kiswahili kimelibebesha neno "mchezo" mzigo mkubwa. Mpira ni mchezo, bao ni mchezo, ngoma huchezwa, na tamthilia nayo ni mchezo wa kuigiza. Kwa hiyo swali la jinsi michezo ya video ya mtandaoni inavyoathiri uigizaji katika michezo ya mezani si geni mno kwa mwanafunzi wa fasihi. Kiini chake ni uhusika: ni kitu gani kinachomfanya mhusika awe mtu, wala asiwe chombo tu cha kushindia?

Mchezo mashuhuri wa mezani wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja husimamia hadithi. Wenzake, kila mmoja akiwa na mhusika wake, husema na kutenda kwa niaba ya wahusika hao, na penye shaka dadu hukata shauri. Nguvu, uhai na daraja la mhusika huandikwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo zilizokuwa rahisi kuhamia katika kompyuta. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, na baadaye Richard Bartle, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, walianza kuunda mchezo wa maandishi ulioitwa MUD, ambamo watu wengi waliweza kucheza pamoja. World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, ulivuta mamilioni ya wachezaji. Mashine ilihesabu mapigo kwa wepesi usio na kifani. Lakini haikuweza kupima kama neno la mhusika lilimfaa msemaji wake.

Basi mwanafunzi akarudi kumfundisha mwalimu. Toleo la nne la Dungeons & Dragons, la mwaka 2008, liliwagawa wahusika katika kazi nne za vita: mlinzi, mshambuliaji, kiongozi na mdhibiti. Uwezo wao nao ukagawanywa: upo uliotumika wakati wowote, upo uliotumika mara moja katika pambano, na upo uliotumika mara moja kwa siku. Wasomaji wengi wa toleo hilo waliona humo sura ya michezo ya mtandaoni, ambamo mmoja huvuta hasira ya adui, mwingine huponya na mwingine hupiga. Haifai kulibeza jambo hilo. Sheria zilikuwa wazi, na hapana mchezaji aliyeachwa bila kazi. Kasoro yake ni kwamba mlinzi alijulikana kuwa mlinzi kabla ya kujulikana anamlinda nani, na kwa kiapo gani. Toleo la tano, la mwaka 2014, liliacha mgawanyo huo rasmi. Lakini mazoea ya mchezaji hayafutwi kwa kuchapa kitabu kipya. Aliyelelewa na kioo huelekea kuuliza kwanza ana uwezo gani wa kutumia, ndipo aulize mtu wake angesema nini.

Ili kuipima hasara hiyo si lazima kwenda mbali. Bukoba na Muleba, magharibi ya Ziwa Victoria, ni nchi ya nanga, na M. M. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1983 aliuliza kama wapiga nanga ni wasanii wa tendi. Katika tendi kama Rukiza na Kachwenyanja, msanii mmoja mwenye ala ya nyuzi hubeba wahusika wote. Hana vazi la vita wala picha ya kuonyesha. Ana sauti, uso, mikono na nyuzi zake. Mbele yake wapo wasikilizaji wanaomwitikia, na kwa maitikio yao hujua kama mhusika amesimama au ameanguka.

Karibu zaidi na meza ni kivugo, majigambo ya shujaa wa Kihaya. Mtu husimama mbele ya mtawala au mbele ya watu, akajitaja kwa majina ya sifa na kutangaza matendo yake. Kivugo chaweza kufananishwa na ile karatasi ya mhusika inayowekwa mezani, kwa kuwa vyote viwili hueleza mtu ni nani na anaweza nini. Lakini karatasi hutaja kiasi, na kivugo hutaja tendo. Tena kivugo hutolewa mbele ya mashahidi. Mwenye kujisifu bure hujiaibisha.

Ni kweli kwamba mlinganisho huu una mipaka. Mpiga nanga hutamba hadithi aliyoirithi, na wachezaji wa mezani huitunga yao papo kwa papo. Aidha mtandao umewafundisha watu walio mbalimbali kushirikiana katika shauri moja, na faida hiyo si ndogo. Lakini kijana wa Bukoba au Muleba anayekutana na mhusika kwanza katika simu yaweza kumpita kwamba nchi yake mwenyewe ilikuwa na njia ya kumjenga mtu kwa neno. Akija mezani na tarakimu peke yake, huja na nusu ya sanaa.

Hapana haja ya kuipiga marufuku michezo ya mtandaoni. Yatosha meza idai kile ambacho mashine haikukidai: kabla dadu haijatupwa, mhusika ajitaje kwa matendo yake, na waliopo wamkubali au wamkatae. Mchezo unaoshika sharti hilo waweza kukopa hesabu zote za kompyuta, na uigizaji wake usidhoofike.