Faili za Argo: Kosa Lisilofutwa

Maboya ya mradi wa kimataifa wa Argo, yaliyoanza kutoswa baharini mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufikia 3,000 mwaka 2007, husifiwa zaidi kwa ufundi wa kuzama na kuibuka yenyewe, ilhali jambo lililoupa mradi huo uzito katika sayansi ya bahari ni jinsi data zake zinavyotunzwa na kugawiwa. Boya hubebwa na mkondo katika kina cha takriban mita 1,000, na kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto, chumvi na shinikizo, ambalo ndilo hutumika kukadiria kina. Likifika juu hutuma vipimo hivyo kwa setilaiti.

Vikishapokelewa nchi kavu, vipimo hukaguliwa kwanza na kompyuta, ambayo huhoji mambo ya wazi tu, kwa mfano boya linalodai kuwa juu ya mlima, na kwa kawaida ndani ya saa 24 huwa vimefika kwenye mamlaka za hali ya hewa na katika vituo viwili vyenye nakala zinazolingana, kimoja Brest, Ufaransa, na kingine Monterey, Marekani. Yeyote huvichukua bila malipo.

Kipimo kinachotiliwa shaka hakifutwi, bali hupewa namba ya ubora, 1 ikiwa na maana ya kizuri na 4 kibovu. Jina la faili mpya huanza kwa herufi R, na baadaye, mara nyingi baada ya mwaka hivi, mtaalamu akishaipitia, huanza kwa D. Kazi kubwa ya mtaalamu huyo ni chumvi, kwa kuwa kihisi chake hupotoka kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita, na boya lililo katikati ya bahari halirudishwi maabara. Hivyo vipimo vyake hulinganishwa na vya meli na vya maboya jirani, na thamani iliyosahihishwa huandikwa kando ya ile ya awali, pamoja na makadirio ya kosa. Anayeshuku masahihisho anaweza kuyafanya upya mwenyewe. Utaratibu huu una mtego, maana msomaji mwenye haraka huchukua thamani ghafi asiitazame namba ya ubora, lakini mtego huo ni afadhali kuliko faili safi isiyoeleza ilivyosafishwa.

Faili zenyewe ziko katika umbizo la NetCDF, lisilofunguka kwa programu za kawaida za ofisini. Pengo hilo huzibwa na ERDDAP, programu ya seva iliyobuniwa katika shirika la NOAA la Marekani, ambayo husoma ombi lililoandikwa ndani ya anwani ya tovuti: vipimo vinavyotakiwa, mipaka ya latitudo na longitudo, na tarehe. Mwanafunzi wa Mombasa anayehesabu bando lake anaweza kuomba miezi ya kusi peke yake, mashariki ya Pemba, akaletewa jedwali dogo. Asitarajie kupata humo mlango bahari wa Zanzibar, kwa sababu maboya hayo yaliundwa kwa ajili ya bahari kuu, na maji mafupi ambamo ngalawa nyingi huvua hayamo katika faili za Argo.