Fanani Asiye na Uso: Ujumbe wa Sauti wa Simu katika Miji ya Butembo na Beni

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii haisifu uongo. Inatambua kwamba neno linalozagaa mjini lina mzizi, ijapokuwa aghalabu si ule anaoutaja msemaji. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, wataalamu waliofika Kivu Kaskazini hawakuwa na methali hii katika mizigo yao. Yaliyosemwa kwenye simu waliyaita "uvumi", wakayahesabu kuwa maradhi ya pili ambayo tiba yake ni habari sahihi. Makala haya yanashikilia kwamba hapo palitendeka kosa la uhakiki: matini ya utanzu mmoja ilisomwa kana kwamba ni ya utanzu mwingine.

Chombo chenyewe ni ujumbe wa sauti unaopitishwa kwa WhatsApp, ambao Wakongomani huuita audio, kwa Kifaransa chao. Lugha ya nyumbani huko Butembo na Beni ni Kinande. Ya sokoni ni Kiswahili cha Kongo. Ya ofisini ni Kifaransa. Wengi wanaozisema lugha mbili za kwanza kwa ufasaha hawana mazoea ya kuziandika. Kidole gumba kikibonyeza alama ya kurekodi, tatizo la tahajia huondoka. Msemaji husema niko natafuta pale ambapo kitabu cha sarufi kingedai ninatafuta, husema batu badala ya watu, huchomeka neno la Kifaransa anapolihitaji, na kuhamia Kinande anapotaka kusikika kama mzee wa ukoo. Mwalimu wa Kiswahili sanifu angeshika kalamu nyekundu. Lakini sifa hizo ndizo zinazomthibitishia msikilizaji kwamba msemaji ni wa kwao.

Katika "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989), M. M. Mulokozi aliitazama fasihi simulizi kama tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Vipimo hivi vikiwekwa juu ya ujumbe wa simu, nusu yake hulegea. Mahali hufutika: sauti iliyorekodiwa Katwa husikilizwa Oicha, Goma na hata Ulaya bila alama ya ilikotoka. Wakati nao hufutika, kwani ujumbe wa mwezi uliopita hufika leo ukisikika kama wa asubuhi hii. Na fanani hupoteza uso. Kila anayeusambaza humkopesha uso wake mwenyewe: dada huamini kwa kuwa umetoka kwa kaka, mwuza vitenge kwa kuwa umetoka kwa mteja wake wa miaka mingi. Katika utambaji wa ana kwa ana hadhira ilikuwa na silaha zake, ilicheka, ilikatiza, iliuliza, "Wewe uliona?" Asiye na uso haulizwi. Hapa ndipo simu ilipoleta jambo jipya. Uongo wenyewe ni wa kale kuliko minara ya mawasiliano.

Kwa upande wa maudhui, dhamira zilizorudiwa zilikuwa chache: kwamba Ebola ni biashara, kwamba imeletwa ili kuwamaliza Wanande, kwamba chanjo ndiyo inayoua, kwamba ni ugonjwa wa uchaguzi. Kama madai ya sayansi, hayana thamani. Yakisomwa kama kejeli, yana mantiki kali. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi, wakilia bila kupata kinga. Ebola ilipoingia, magari na fedha vilifika kwa muda mfupi. Neno "biashara" lilikuwa muhtasari wa hesabu hiyo. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, Tume ya Uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo, ngome ya upinzani, hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, ilhali sehemu kubwa ya nchi ilimchagua rais tarehe 30 Desemba. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa nje. Msimulizi gani angebuni ushahidi mzuri kuliko huo? Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Tarehe 31 intaneti ikakatwa nchini kwa takriban wiki tatu, kana kwamba kuizima simu ni kumjibu msemaji.

Uchunguzi uliofanywa katika miji hiyo miwili Septemba 2018 uliwahoji watu wazima 961. Asilimia 25.5 hawakuamini kwamba ugonjwa upo, asilimia 31.9 tu waliamini kwamba viongozi wa mahali hapo wanatetea maslahi yao. Takwimu ya pili ndiyo ufunguo wa ya kwanza.

Majibu ya Riposte, kama operesheni ilivyojulikana, aghalabu yalikuja kwa Kifaransa na Kiswahili sanifu, na watafiti wa shirika la Translators without Borders walionyesha mwaka 2019 kwamba wengi hawakuyaelewa vema. Wanaisimu wa Kiswahili nao hawawezi kunawa mikono hapa, maana ndio waliozoea kukiita Kiswahili cha Kongo kibovu.

Hata hivyo, kuitukuza sauti hiyo kungekuwa upofu. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko wa Kamerun aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo. Mlipuko ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, waliokufa walikuwa 2,287, na miongoni mwao wamo walioficha homa kwa kuamini walichosikia.

Waliopona walipoajiriwa kuwalea watoto wa wagonjwa na kutoa ushuhuda kwa majina yao, fanani alipata tena uso, na akaweza kuulizwa. Uhakiki haujafuatilia kisa hicho, na matini zake zinapotea: ujumbe wa sauti hufutwa simu inapojaa. Vyuo vya Butembo vina wanafunzi wanaosikia Kinande, Kiswahili cha mjini na Kifaransa kwa pamoja. Hakuna aliye karibu zaidi na simu hizo kuliko wao.