Udogo wa Kamera ni kwa Faida ya Nani?

Wapenzi wa kamera husifu udogo kana kwamba ni sifa isiyohitaji kutetewa. Nataka kuipima sifa hiyo kwa Olympus XA, kamera ya kipimaumbali iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani na kutoka mwaka 1979. Kila anayetamani kamera mpya ya aina hii iliyo ndogo zaidi hulazimika kujilinganisha nayo.

Kipimaumbali hufanya kazi kama macho yetu mawili. Vidirisha viwili hutazama kitu kimoja kutoka pembe tofauti. Mpiga picha hurekebisha lenzi mpaka taswira mbili anazoziona zilingane, na hapo umbali umepatikana. Kadiri vidirisha vinavyoachana, ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi zaidi. Leica M3 ya mwaka 1954 ina mwili mrefu wa kutosha kwa kazi hiyo. Maitani alivisogeza vidirisha karibu, akafidia kwa lenzi ya milimita 35 ambayo tundu lake halifunguki kupita f/2.8, nayo husamehe makosa madogo ya umbali. Ni ubunifu wa akili na sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu uko kwenye kitako cha kamera. XA hupima mwanga na kuchagua kasi ya shata yenyewe. Kipimo chake huchukulia kwamba mandhari, kwa wastani, ni ya kijivu. Msimamishe mtu mweusi mbele ya anga jeupe la Oktoba pale Dzaleka, uso wake unageuka kivuli. Maitani alilijua tatizo hilo: kipo kiwiko cha kuongeza mwanga kwa hatua moja na nusu. Lakini amekificha chini, pamoja na kupima betri na kujipiga picha, kama jambo la nadra. Mimi nikitoka Nathenje kwenda kambini nakihitaji karibu kila picha. (Unaweza kushusha namba ya filamu badala yake, lakini huko ni kuidanganya kamera.)

Kisha kuna sifa ya kupiga bila kuonekana. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na leo ina zaidi ya watu 50,000 waliozoea kupigwa picha na wageni. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje warudi kambini. Tangu hapo shangazi yangu, akiona kamera, huuliza kwanza picha inakwenda wapi. Ana haki. Kwake, shata isiyosikika ni hila.

Na hapa Leica kubwa inaishinda XA. Kidirisha chake kiko pembeni, kwa hiyo jicho la kushoto la mpiga picha hubaki wazi na anayepigwa humwona. XA hufunikwa na viganja, navyo viganja hufunika uso.

Ningebuni kamera nyembamba lakini isiyo fupi sana, yenye gurudumu la mwanga juu kabisa, karibu na kitufe cha shata. Kampuni ya Kifaransa ya Pixii imeondoa kioo cha nyuma katika kamera yake ya kipimaumbali. Picha hutazamwa kwenye simu. Ningekirudisha, hata kikiwa na ukubwa wa stempu, ili shangazi akitazame palepale na kusema, "Hiyo futa."