Milimita Tatu

Ukikaa nje usiku karibu na Barabara ya Thika, Subaru utaisikia kabla hujaiona: mngurumo wa kukatikakatika, kama ngoma inayopigwa kwa mkono mmoja mzito na mwingine mwepesi. Wengi hudhani sauti ile inatoka kwenye sailensa. Chanzo chake kiko mbele kabisa, kwenye manifodi ya ekzosi, yale mabomba yanayopokea moshi ukitoka tu kwenye injini. Silinda za Subaru zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuijazia injini hewa, imekaa upande mmoja. Moshi wa upande wa pili hauna budi kupita chini ya injini nzima ndipo uifikie. Mabomba hayalingani urefu, basi mapigo nayo hayalingani, na mji mzima umeipenda kasoro hiyo. Nawajua vijana waliofunga mabomba ya urefu sawa, wakapata gari linalovuta vizuri zaidi, kisha wakanung'unika kwamba limenyamaza.

Siwacheki. Hata mimi nilidhani manifodi huchaguliwa kwa sikio, au kwa jicho, mpaka nilipomsindikiza rafiki yangu mwenye Caldina kwa fundi mmoja wa kuchomelea, Industrial Area.

Caldina yenyewe ni GT-T, injini ya 3S-GTE ya lita 2, iliyotoka Japani na nguvu za farasi 260. Kwenye injini hiyo Toyota waliisubu manifodi pamoja na nyumba ya tabo, kipande kimoja cha chuma. Kwa matumizi ya kawaida huo ni uamuzi mzuri: hakuna gasketi ya kuungua katikati, na joto halipotei njiani. Lakini siku utakapotaka tabo nyingine hutapata pa kuifunga, na manifodi nayo itabidi iondoke. Rafiki yangu alitaka tabo kubwa. Kwenye simu alikuwa na picha ya manifodi aliyoitamani: mabomba manne marefu yanayong'aa, yamepindana kama mizizi ya mkoko. Ni kitu kizuri, sibishi.

Fundi aliiangalia mara moja tu, akairudisha simu.

"Hii gari inalala wapi?"

"Kikuyu. Kazi ni tao."

"Na wikendi?"

"Naivasha, mara moja moja."

Hakuuliza anataka farasi wangapi. Nilidhani anapiga soga, kumbe kipimo alikuwa ameshakichukua. Gari la mashindano hupata moto mkali, kisha hurudi kwa mafundi wake likafunguliwa na kukaguliwa kila bomba. Gari la kwenda kazini huwashwa kwenye baridi ya alfajiri, likasota kwenye foleni huku joto limejaa chini ya boneti bila upepo, likazimwa, likapoa, jioni likarudia. Jumamosi linapanda kutoka Mai Mahiu kwa mguu mzito, moshi ukikaribia nyuzi 900, na huko juu Limuru linakutana na mvua na dimbwi la maji baridi. Hakuna anayelikagua. Tena kwenye mwinuko wetu wa mita 1,700 na zaidi, kanieneo ya hewa ni pungufu karibu sehemu moja kati ya tano ikilinganishwa na Mombasa, kwa hiyo tabo inalazimika kuzunguka kasi zaidi ili kujaza kiasi kilekile.

Chuma kikipata moto hurefuka. Hilo tulifundishwa darasani, kwa mfano wa reli. Bomba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa sentimita 30, likipanda nyuzi 700, huongezeka zaidi ya milimita 3. Zinaonekana chache, lakini manifodi imebanwa huku na injini na kule inabeba tabo ya kilo kadhaa inayoruka kwenye kila tuta. Hizo milimita 3 zitakwenda wapi? Zikikosa pa kwenda, zitapasua. Mara nyingi ufa huanzia palepale bomba linapoungana na flenji, lile bamba linalofungwa kwenye injini, au mabomba yote manne yanapokutana. Utasikia mluzi mdogo kwanza, halafu tabo inaanza kuchelewa kuamka.

Ndiyo sababu fundi aliyakataa yale mabomba ya kwenye picha. Kuta zake zilikuwa nyembamba mno kuning'iniza tabo, na urefu wake ungeupoza moshi kabla haujafika. Urefu ule hulipa injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Mtu anayetaka kulipita lori na kurudi upande wake anahitaji tabo iamke mapema, na kwa kazi hiyo bomba fupi hulishinda refu. Chuma cha kusubu kingefaa kuliko vyote, kwa kuwa ni kizito na hurefuka kidogo, ila hakikupatikana cha kuoanisha injini ile na tabo ile. Akaamua kutengeneza manifodi mwenyewe, kwa viwiko vya bomba la mvuke vyenye ukuta unaozidi milimita 3.

Nilirudi siku mbili kumtazama. Muda mwingi hakuchomelea kitu. Alikata, akasaga, akaunganisha vipande viwili na kuvielekeza kwenye dirisha. Mwanga ukipenya, anasaga tena. Flenji aliifunga kwa bolti kwenye kichwa cha injini mbovu ili isipinde, akachoma kidogo huku, akahamia kule, akangoja. Ndani ya mabomba alipitisha gesi ya agoni ili mshono usiungue kwa upande usioonekana. Njia ya westigeti, ule mlango unaopitisha moshi uliozidi bila kuigusa tabo, aliielekeza pale moshi unapoelekea wenyewe. Ikiwekwa kwa kona kali, moshi utaipita na tabo itasukuma hewa nyingi kuliko ilivyoagizwa. Mwisho akapanua matundu ya bolti za pembeni yakawa marefu kidogo, akaikata flenji katikati ya bomba na bomba, na kuitegemeza tabo kwa mkono wa chuma ulioachiwa nafasi ya kuteleza. Milimita 3 zikapata pa kwenda.

Manifodi ilitoka nyeusi, fupi, nene, kama ngumi. Rafiki yangu aliuliza kama inaweza kupigwa msasa ing'ae. Fundi akamwambia arudi baada ya kilomita 500 nati zikazwe, kisha akachukua ngao ya joto akaifunika.