Uhaini Uliogeuzwa Uchawi: Mighani ya Kasri la Glamis

Kasri la Glamis, lililoko Angus, mashariki mwa Uskoti, humfikia msomaji wa Kiswahili kupitia tamthilia kabla ya historia. Katika Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1968, mhusika mkuu ni bwana wa Glamis. Huo ni ubunifu: Macbeth wa historia, aliyetawala kuanzia 1040 hadi 1057, alimwangusha Duncan vitani, wala hakumwua kitandani. Hayo yamekwisha kujadiliwa vya kutosha. Linalotushughulisha hapa ni mighani ya baadaye, ambayo wahakiki wengi wamewaachia watalii.

Ukoo wa Lyon ulipewa Glamis na Mfalme Robert wa Pili mwaka 1372. Tarehe 17 Julai 1537 Janet Douglas, mjane wa bwana wa sita wa Glamis, alichomwa moto hadharani mjini Edinburgh kwa shtaka la kula njama ya kumwua Mfalme James wa Tano kwa sumu. Kosa lake hasa, kwa maoni yetu, lilikuwa damu yake: nduguye, Archibald Douglas, ndiye aliyemshikilia mfalme huyo utotoni, kati ya 1526 na 1528. Kasri likatwaliwa, na mwanawe Janet hakurejeshewa urithi ila baada ya mfalme kufa mwaka 1542.

Mighani inasimulia vingine. Inadai kwamba Janet alichomwa kwa uchawi, na kwamba mzuka wake, Bibi wa Kijivu, hupiga magoti katika kanisa dogo la kasri. Badiliko ni la neno moja tu, lakini uzito wake ni mkubwa. Kisa cha uhaini hakisimuliki bila mfalme, mahakama na mali inayogombaniwa. Kisa cha uchawi kinamhitaji mwanamke tu. Tena mzuka wenyewe ni bubu. Mzuka wa Banquo huingia karamuni ukamkabili mwuaji; huyu anasali tu, hamshtaki yeyote. Isitoshe, kanisa hilo lilitabarukiwa mwaka 1688, karne moja na nusu baada ya kifo chake. Msimulizi amemwondoa mahali alipohukumiwa akampa mahali pa kutubu. Mtu aweza kujibu kwamba bila mighani Janet angesahauliwa kabisa. Ni kweli, ila anayekumbukwa si yule aliyeuawa.

Mighani ya chumba cha siri ina mwendo tofauti. Walter Scott, aliyelala Glamis akiwa kijana katika miaka ya 1790, alisimulia mwaka 1830 habari za chumba ambacho mlango wake ulijulikana na watu watatu tu kwa wakati mmoja: bwana, mrithi wake, na mmoja waliyemwamini. Hasemi ndani mna nini. Ni masimulizi ya baadaye yaliyomweka humo Thomas, mtoto ambaye kwa mujibu wa orodha za nasaba alizaliwa na kufa tarehe 21 Oktoba 1821; yanadai kuwa hakufa, bali alifichwa kwa sababu ya ulemavu. Chumba, basi, kilitangulia mkazi wake. Na tuangalie walinzi wa siri hiyo: hupokezanwa pamoja na urithi, urithi uleule ambao mfalme aliupokonya mwaka 1537 na ambao Bibi wa Kijivu, katika sala zake zote, hautaji kamwe.