Istilahi Mbili Zinazompotosha Mgonjwa wa Kisukari

Miongoni mwa istilahi za utabibu zinazohitaji kusahihishwa, zimo mbili zimhusuzo mwanamume mwenye kisukari ambaye uume wake hausimami.

Ya kwanza ni upungufu wa nguvu za kiume. Kasoro yake ni kuchanganya mambo matatu: hamu, uzazi, na kusimama kwa uume. Mwenye kisukari aweza kuwa na hamu timamu, na hata watoto, lakini uume usisimame kwa kuwa sukari iliyozidi katika damu kwa muda mrefu imedhuru mishipa yake ya damu na ya fahamu. Uhanithi nao ni tusi, si istilahi. Mwaka 1992 mkutano ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ulipendekeza kuachwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kukosa uwezo, na badala yake itajwe hitilafu yenyewe. Nasi twapendekeza hitilafu ya usimamaji wa uume. Ni jina refu, lakini halimvunjii mtu heshima, tena lamkumbusha tabibu kupima sukari na moyo.

Ya pili ni tiba ya kufufua. Dawa ya sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, husaidia damu kuingia uumeni kwa saa chache, wala haiondoi chanzo. Tiba hii mpya yakusudia zaidi: kudunga seli shina au plazima yenye chembe sahani nyingi, ama kutumia mawimbi hafifu ya mshtuko, ili tishu zijijenge upya. Lakini kufufua ni kumrudishia uhai aliyekufa. Neno limetangulia kuahidi kabla ya ushahidi. Mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha Marekani cha madaktari wa njia ya mkojo uliziweka njia zote tatu katika daraja la majaribio. Twapendekeza tiba ya kujenga tishu upya, ambayo yataja lengo bila kudai kuwa limefikiwa.

Seli mama pia lisitumike hapa, kwani katika biolojia ni seli yoyote inayogawanyika. Seli shina ndilo sahihi: katika shina huchipuka matawi mbalimbali.

Mgonjwa mwenye haya hauulizi umma. Huliamini neno aliloliona katika tangazo, akatoa fedha zake. Hapana budi neno hilo liwe la kweli.